Makala 14, dole gumba sita

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa muuguzi hapa Moshi. Mwaka jana nimemaliza shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na utafiti wangu ulihusu dawa kinga ya VVU kwa wasichana. Nilipokuwa nasoma niligundua kuna mambo mengi ya kinga ambayo wenzangu wa zahanati za Hai, Rombo na Moshi Vijijini hawajayasikia kabisa. Nikafungua kundi la WhatsApp, tupo 140. Nimeshatuma makala 14 kamili, orodha nakuambatanishia. Nilichopata ni dole gumba sita, na mmoja akauliza kama kuna posho. Nifanyeje ili tafiti hizi ziwafikie kweli? Na je, ninaruhusiwa kuzisambaza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wa posho, maana umemtaja kama mtu wa kuchekwa. Mhudumu wa zahanati amezoeshwa kwa miaka mingi kwamba habari mpya ya VVU huja na semina, na semina huja na ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne na bahasha. Miradi ndiyo iliyomfundisha hivyo. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi iliyokuwa ikilipia semina hizo imetetereka, kwa hiyo unachojaribu kukifanya bure kina thamani kuliko unavyodhani. Ila hao watu hawajawahi kupewa maarifa kwa njia ya faili la kurasa kumi na mbili, tena la Kiingereza, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nimepitia orodha yako. Makala tatu kati ya 14 ni za tohara ya wanaume: Orange Farm ya Afrika Kusini, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda. Ni tafiti nzuri mno, ila umezituma Uchagani! Nani Rombo anasubiri kushauriwa mtoto wa kiume atahiriwe? Kampeni ya tohara ya hiari ilipelekwa Iringa, Njombe, Tabora, Shinyanga na kwingineko ambako wanaume wengi hawakuwa wametahiriwa. Huku kwetu, iwe kwa Wachagga, Wameru au Wamaasai, swali la maana ni wembe umetumika kwa vijana wangapi. Mhudumu akifungua faili la kwanza akaona halimhusu, la pili halifungui.

Mimi ningeanzia upande wa pili. Kabla hujatuma kitu kingine, wapigie waganga wafawidhi watano na uwaulize swali moja tu: mwezi huu, mgonjwa gani amekuuliza jambo la VVU ukakosa la kumjibu? Usiwaulize wangependa kujifunza nini, watakutajia vichwa vya semina. Waulize walipokwama. Utasikia mambo kama haya: mume ana VVU, mke hana, wanataka mtoto, niwaambieje? Binti anataka dawa kinga lakini shangazi yake amemwambia zinaua kizazi. Mama wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, kipimo cha wingi wa virusi kimetoka safi, anauliza kama bado anaweza kumwambukiza mumewe. Hapo ndipo unarudi kwenye maktaba yako, na utashangaa jinsi makala mbili zinavyotosha kwa mwezi mzima.

Sasa niseme habari ya namba, maana hapa nimewahi kuumbuka mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa natoa somo kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Meru. Nikasema kwa kujiamini kwamba tohara inapunguza maambukizi ya VVU kwa mwanaume kwa asilimia 60. Tabibu mmoja, mtu mzima, akaandika vizuri kwenye daftari lake, kisha akawaelezea wenzake: “Yaani wakitahiriwa mia, sitini hawapati, arobaini wanapata.” Hakuna aliyemsahihisha. Hata mimi nilikaa sekunde kadhaa kabla sijaona kilichotokea. Fikiria mgonjwa anayeambiwa hivyo!

Dawa yake ni kuweka watu badala ya asilimia. Kisumu walichukua wanaume 2,784, nusu wakatahiriwa mwanzoni, nusu wakaambiwa wasubiri. Baada ya miaka miwili, kwa waliotahiriwa 1,391 walikuwa wamepata maambukizi 22, na kwa waliosubiri 1,393 walikuwa 47. Ukimwandikia tabibu hivyo, anaona mwenyewe kwamba wengi wa pande zote mbili hawakupata, na kwamba tohara ilikata zaidi kidogo ya nusu ya waliokuwa wapate. Hiyo asilimia 60 inayotajwa kila mahali ni makadirio ya jumla yaliyotokana na majaribio yote matatu, na inahusu hatari ya kuambukizwa ilivyopungua, haihusu watu mia. Kila unapoona neno “ilipunguza kwa asilimia”, uliza: kutoka wangapi hadi wangapi, kwa muda gani? Usipopata jibu ndani ya makala, usiitume.

Ukitaka somo la pili la namba, usiende mbali, liko Mwanza. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa vijijini mkoani Mwanza, jamii sita zikilinganishwa na sita nyingine, watu kama 12,000 wakifuatiliwa. Kilichoongezwa kwenye zahanati kilikuwa cha kawaida kabisa: wahudumu walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, dawa zikawepo, wasimamizi wakapita. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande huo na 1.9 upande mwingine, pungufu ya karibu asilimia 40. Wahudumu wa zahanati, wa ngazi ileile ya hao 140 wako, ndio waliofanya kazi hiyo. Ningekuwa wewe, hiyo ndiyo ingekuwa makala yangu ya kwanza, kwa sababu inawahusu wao wenyewe.

Ila usiitume peke yake. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya Rakai, Uganda, ambako walijaribu kitu kinachofanana: walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi wakigawa dawa za magonjwa ya zinaa kwa kila mtu mzima, mwenye dalili na asiye nazo. VVU haikupungua hata kidogo, pande zote mbili zilibaki sawa. Mtu akizisoma haraka atasema tafiti zinapingana, na wapo wanaofurahi kusema hivyo. Hazipingani. Mwanza dawa ilikuwapo siku zote, na mwenye kidonda au usaha alitibiwa siku aliyokuja. Rakai dawa ilipita kama mvua ya msimu, katikati watu wakaambukizwa tena. Zaidi ya hapo, Rakai VVU ilikuwa imeshaenea mno, karibu asilimia 16 ya watu wazima dhidi ya 4 ya Mwanza. Ugonjwa ukishafika hapo, maambukizi mengi yanatokea kati ya wenza wa kudumu wasio na kidonda chochote, na ukitibu vidonda unagusa sehemu ndogo tu. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulielekea huko. Kwa mhudumu wa Himo au Boma Ng’ombe, maana yake ni hii: kijana akija na usaha, mtibu leo, mpime VVU leo, mtafute mwenza wake, na kabla hajatoka zungumza naye kuhusu dawa kinga. Umeona jinsi tafiti mbili zenye majibu tofauti zinavyomwelekeza mtu kuliko moja yenye jibu la kupendeza?

Tuje kwenye kile ulichokisomea. Nimeona umetuma makala ya PURPOSE 1, jaribio la sindano ya kinga, siku ileile uliyoipata, na chini yake ukaandika “Mapinduzi!” yenye miali ya moto mitatu. Nakuelewa. Sindano ya lenacapavir inayochomwa kila miezi sita, wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda, na maambukizi sifuri, ni jambo ambalo sisi tulioanza kazi miaka ya tisini hatukulitegemea kuliona. Marekani iliidhinisha Juni 2025, na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, likitangazia Kigali. Sina ubishi na hayo.

Nina ubishi na yale uliyomwachia msomaji wako ayakamilishe mwenyewe. Katika jaribio hilohilo, wanawake 1,068 walipewa vidonge vya dawa kinga, vile tulivyonavyo, na 16 wakapata maambukizi. Mhudumu anayesoma juujuu ataona 0 kwa sindano, 16 kwa vidonge, atahitimisha vidonge havifai. Kesho yake binti anakuja kuvichukua, muuguzi anamwambia kwa uso wa kukata tamaa, “Hivi si vizuri sana, subiri sindano.” Hapo utafiti wako umemwacha mtu bila kinga. Walipopima damu za waliopewa vidonge waligundua wengi hawakuwa wakivimeza. Tulishaliona hili. Kwa jozi 4,747 za wenza wa Kenya na Uganda ambao mmoja ana VVU, katika jaribio la Partners PrEP la 2012, kidonge kilekile kilikata maambukizi kwa asilimia 75, kwa kuwa walimeza. Kwenye jaribio jingine, VOICE, la wanawake zaidi ya elfu tano, hakikufanya lolote, na dawa ilionekana kwenye damu ya chini ya theluthi yao. Kidonge kinafanya kazi kikiwa tumboni. Kazi ya muuguzi ni kuuliza kwa nini hakifiki huko: mama mkwe anaona kichupa akidhani ni ARV, dawa za kufubaza virusi za mwenye VVU, binti anaishi chumba kimoja na wenzake watatu, mpenzi wake anauliza maswali. Mambo haya muuguzi wa Kiboriloni anayajua kuliko mwandishi wa makala.

Kwa hiyo kila unapotuma jambo jipya, liweke kwenye moja ya mafungu matatu, na uandike fungu lake waziwazi juu kabisa: limethibitika, limeruhusiwa na mwongozo wa taifa, au lipo stoo. Jambo linaweza kuwa kwenye fungu la kwanza miaka mitatu kabla ya kufika la tatu. Mhudumu hana ruhusa ya kubadilisha huduma kwa sababu wewe umesoma Lancet, na akikosea ni yeye atakayeitwa, si wewe. Ndiyo maana nakusihi, kabla kundi lako halijakua zaidi, kaa na mratibu wa UKIMWI wa kila wilaya uliyoigusa. Mwonyeshe unachotuma. Atakwambia mwongozo unasemaje sasa na nini kipo kwenye bohari yake. Wengine watakuona unaingilia kazi yao mwanzoni, nenda hivyohivyo, tena nenda na muhtasari ulioandikwa, si na simu mkononi.

Kuna utafiti mmoja ambao kwenye makala zako zote 14 haumo, na kwangu ndio uliodhulumiwa kuliko wote. Mwaka 2011, HPTN 052, jaribio la jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, lilionyesha kwamba mwenye VVU akianza ARV mapema, maambukizi kwenda kwa mwenza wake yanapungua kwa asilimia 96. Mwaka 2016 ukaja PARTNER wa Ulaya: wenza waliojamiiana bila kondomu takriban mara 58,000, mwenye VVU akiwa virusi vyake vimefubazwa, na halikutokea ambukizo hata moja lililotoka kwake. Mwaka huohuo Tanzania ikaanza kumpa dawa kila anayepimwa na kukutwa na VVU, bila kusubiri kipimo cha kinga ya mwili cha CD4. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka maneno wazi: virusi visipoonekana kwenye kipimo, hakuna hatari ya kumwambukiza mwenza kwa njia ya ngono.

Hata hivyo ukikaa kwenye benchi la kliniki, ni wauguzi wachache wanaoyasema hayo kwa sauti. Nimewauliza wengi. Wanajua. Wanaogopa kwamba wagonjwa wataacha kondomu. Hofu hiyo naielewa lakini siikubali: mtu amemeza dawa miaka minane kwa uaminifu, halafu tunamficha habari njema aliyoifanyia kazi? Kondomu ina kazi zake nyingine, kisonono na mimba vipo palepale, mwambie hivyo. Mpe muuguzi sentensi iliyokamilika ambayo anaweza kuitamka bila kujikwaa: “Mama, ukimeza dawa zako kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani, humwambukizi mumeo VVU kwa kujamiiana.” Chini yake weka mipaka miwili. Kwanza, hili ni la ngono. Kwa mama anayenyonyesha hatari inashuka sana, lakini hatutamki sifuri, afuate mpango wa kliniki ya mama na mtoto. Pili, ni la kipimo cha karibuni, si cha miaka miwili iliyopita.

Kuhusu haki ya kusambaza, sitakaa sana. Makala zilizotolewa kwa leseni huria, tuma hata mia. Zile za majarida ya kulipia usizitume nzima, tuma kiungo, au, bora zaidi, muhtasari ulioandika mwenyewe. Matokeo ya utafiti hayana hatimiliki, maneno ya mwandishi ndiyo yanayo. PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure. Chuo chako kikiwa kimejiandikisha Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unapata majarida mengi mno, lakini nywila ni ya taasisi, usiibandike kwenye kundi. Cochrane, mtandao wa wachambuzi wa tafiti za afya, wana mihtasari iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, angalia hapo kabla hujatafsiri upya. NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nao wana jarida lao la utafiti wa afya. Na yale majarida yanayokuandikia barua pepe yakikuita “Profesa mheshimiwa” na kuahidi kuchapisha kwa siku tatu ukishalipa, yapite mbali kama mbwa wa jirani.

Muhtasari wenyewe usizidi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kazini, kile tunachosemea tukiwa tumeshika faili la mgonjwa. Uanze na swali la mhudumu kama alivyolisema yeye. Kisha jibu kwa sentensi mbili. Kisha limetoka wapi: watu wangapi, nchi gani, mwaka gani. Kisha haligusi akina nani, maana utafiti wa wasichana wa miaka 16 hadi 25 hausemi lolote kuhusu mchimba madini wa Mererani. Mwisho fungu lake kati ya yale matatu, tarehe, na jina la aliyeuhakiki. Shirika moja nililowahi kufanya nalo kazi lilichapisha vijitabu vya rangi, karatasi nene, Kiingereza safi. Mwaka uliofuata nilikuta zahanati fulani wamevikata bahasha za kufungia vidonge. Sikuwalaumu. Karatasi ilikuwa nzuri.

Halafu usitegemee maandishi peke yake. Mwaka 2011 kikombe cha babu wa Samunge, Loliondo, kilifika kila kijiji cha mkoa huu bila ukurasa mmoja kuandikwa. Shilingi 500, foleni ya magari ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa wa CTC walioacha ARV wakiamini wamepona. Habari ile ilisafiri kwa mdomo, kwenye Hiace na kwenye vilabu vya mbege. Rekodi muhtasari wako kwa sauti, dakika mbili, uweke kwenye kundi pamoja na ukurasa. Omba dakika kumi za ripoti ya asubuhi hapo hospitali yenu, mara moja kwa wiki. Wakumbuke wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenye maduka ya dawa muhimu. Mtu aliyepasukiwa na kondomu Jumamosi usiku hukimbilia dukani kwanza, na dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinataka zianzwe ndani ya saa 72. Muuza duka akijua hilo tu, atamtuma hospitali Jumapili asubuhi badala ya kumuuzia vidonge vya usaha.

Jambo la mwisho, na hili ni la kukugombeza kidogo. Kwenye orodha yako kuna makala za Kisumu, Durban na San Francisco, na utafiti wako mwenyewe haumo. Wasichana waliokujibu maswali walikuwa wa zahanati hizohizo. Matokeo yao yamekaa kwenye rafu ya maktaba ya chuo na wauguzi waliokuazima chumba cha kuhojia hawajui ulipata nini. Angalia masharti ya kibali chako cha maadili yanasemaje kuhusu kutoa matokeo, pata ruhusa inayotakiwa, kisha rudi kwa wauguzi wale kabla ya kwenda kwenye mkutano wowote. Ukirudi, ficha vizuri. Kijiji chenye wasichana wanne wanaotumia dawa kinga, ukiandika “mmoja wa miaka 19, mwanafunzi, anaishi kwa bibi”, umeshamtaja jina. Hilohilo liwe kanuni ya kundi lako: hakuna picha ya kadi ya CTC, hakuna namba ya mgonjwa, hakuna “nina kesi hapa”. Tuna sheria ya VVU na UKIMWI tangu 2008 na ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na zote mbili zinaihusu simu yako.

Wale sita wa dole gumba unawajua majina. Chagua anayekaa mbali zaidi, nadhani atakuwa wa Tarakea, umpigie Jumatatu jioni akishafunga zahanati, umuulize alikwama wapi.